Kumchora Aliyeinama



Tunaandika juu ya jambo ambalo huenda hamkulitarajia katika kitabu cha imani, yaani kujifunza kuchora mwili wa mtu. Sisi ni mchungaji na walimu wanne wa shule ya Jumapili katika usharika ulio chini ya Milima ya Usambara. Kwa zaidi ya mwaka mmoja tulikutana kila Jumamosi saa tisa alasiri katika chumba cha watoto, tukiwa na penseli, vipande vya mkaa na karatasi za mifuko ya saruji zilizokung'utwa vumbi. Sababu yetu ilikuwa ndogo. Watoto ni wengi, vitabu vya picha ni vichache, na mtoto wa miaka mitano hashiki habari za Zakayo kwa masikio peke yake. Anataka kumwona Zakayo juu ya mti, miguu ikining'inia.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja wa kanisa alituuliza swali la haki: je, amri ya Mungu haikatazi sanamu? Tulikaa naye tukafungua Kutoka. Sura ya 20 inakataza kutengeneza sanamu ili kuisujudia. Lakini kitabu hicho hicho, sura ya 31, kinasema Mungu alimjaza Bezaleli roho yake ili afanye kazi za ustadi kwa dhahabu, mawe na mti. Tukamkumbusha pia historia yetu sisi Walutheri. Martin Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuondoa na kuharibu picha makanisani kwa nguvu. Alirudi mwezi Machi 1522, akahubiri siku nane mfululizo. Aliwafundisha kwamba kuabudu picha ni dhambi, ila anayeivunja picha ukutani hajaiondoa moyoni. Neno ndilo lifanyalo kazi hiyo. Baadaye rafiki yake Lucas Cranach na mwanawe waliipamba madhabahu ya kanisa la Wittenberg kwa picha zilizowekwa mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya kifo cha Luther. Sehemu ya chini inamwonyesha Luther mimbarini, mkono mmoja juu ya Biblia, mwingine ukimwelekeza Kristo msulubiwa aliye kati yake na washarika. Hana neno mdomoni. Mkono wake unahubiri.

Yule mzee alitikisa kichwa, akasema, "Basi choreni, ila msituletee watu wa mbao."

Alikuwa ameona mbali. Kila anayeanza kuchora mtu humchora wa mbao: amesimama wima kama nguzo ya umeme, mikono miwili imelala sawasawa, miguu miwili imeelekea mbele, uso unatutazama. Viungo vyote vipo, lakini hapumui. Vijana wanauita mkao wa mtu kwenye picha "pozi", na pozi ndilo gumu kuliko uso, kuliko hata vidole.

Tulianza na vipimo kwa sababu vinafundishika. Mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake saba na nusu hivi. Mtoto wa mwaka mmoja ana vichwa vinne tu, ndiyo maana ukimchora mtoto kwa vipimo vya mtu mzima anakuwa mzee mfupi. Kiganja na vidole vyake hufunika uso kutoka kidevuni hadi karibu na nywele. Unanyosha mkono wote, unafumba jicho moja, unapima kwa penseli. Mjerumani Albrecht Dürer, aliyeyapokea mafundisho ya Luther kwa furaha, alitumia miaka mingi katika vipimo hivi, na vitabu vyake vinne juu ya uwiano wa mwili vilichapishwa mwaka 1528, miezi michache baada ya kufa kwake. Tulifurahi kujua kwamba mtu mwenye mkono kama ule naye alihitaji kupima.

Lakini vipimo havimwamshi mtu wa mbao. Kinachomwamsha ni uzito. Mtazame mama anayesubiri zamu yake bombani. Hasimami kwa miguu yote miwili sawa. Ameutupa uzito juu ya mguu mmoja, na nyonga ya upande ule imepanda. Ili asianguke, bega la upande ule ule limeshuka kidogo. Mguu mwingine umelegea, goti limekunjwa. Wachongaji wa Ugiriki ya kale waligundua jambo hili karne ya tano kabla ya Kristo, na sanamu zao zikaacha kusimama kama askari. Ipo pia kanuni ya kamba: shusha kamba yenye jiwe kutoka kishimo cha koo la mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, itaangukia karibu na kifundo cha mguu unaobeba uzito. Ikiangukia mbali, mtu wako wa kwenye karatasi anaanguka, hata kama amechorwa vizuri.

Mmoja wetu ni fundi cherehani. Yeye alicheka tulipoyafurahia hayo, akasema kwa miaka ishirini ya kupima watu hajaona mabega mawili yaliyo sawa. "Kila mtu ana upande anaobebea," alisema. "Mimi huuficha kwa pamba ndani ya koti."

Zoezi lililotufaa zaidi lilikuwa la dakika moja. Mmoja anasimama katikati, anafanya kitendo, kama kutwanga, kuvuta kamba ya kisima au kumbeba mtoto mgongoni, na wengine wanachora kabla sekunde sitini hazijaisha. Dakika moja haikupi nafasi ya kuchora ukingo wa mwili. Inakulazimu uchore kitendo: mstari mmoja kutoka kichwani hadi kwenye kisigino unaoonyesha nguvu inakotoka na inakokwenda. Viungo vinaning'inizwa juu ya mstari huo baadaye. Ukianza na viungo, kitendo hakiji tena. Tulichora makumi ya watu wa dakika moja kila Jumamosi, na nyuma ya kila karatasi bado palisomeka jina la kiwanda cha saruji.

Mazoezi hayo yalibadili namna tunavyowaona watu ibadani. Sisi wachungaji tulifundishwa chuoni Kigiriki, Kiebrania na namna ya kupanga hotuba katika sehemu tatu. Hatukufundishwa kutazama goti. Sasa, washarika wanaposimama kwa Injili, tunaona nani ameshika benchi la mbele kwa sababu mguu wa kushoto haumbebi, na ni mama yupi anahamisha uzito kila nusu dakika. Si kwamba tumekuwa madaktari. Ila baada ya ibada tunajua wa kumuuliza, "Mguu unaendeleaje?" na mara nyingi jibu huwa refu kuliko swali.

Ndipo tulipofika kwenye Luka 13. Tulipanga picha tatu kwa ajili ya habari ya mwanamke aliyepinda mgongo miaka kumi na minane: akiwa ameinama, Yesu akimwekea mikono, kisha akiwa amesimama. Picha ya kwanza ilitutisha. Mgongo uliopinda haubuniwi. Kichwa kikienda mbele, nyonga hurudi nyuma na magoti hukunjika ili mwili usianguke. Fimbo inakuwa mguu wa tatu. Tulihitaji mtu wa kumtazama, na sote tulikuwa tukimfikiria mtu mmoja bila kumtaja.

Katika usharika wetu yupo bibi aliyepita miaka sabini na mitano ambaye mgongo wake umeinama kabisa. Ujanani alibeba kuni na maji, baadaye akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Daktari alimweleza kwamba pingili za uti wa mgongo zimebonyea na hazitarudi. Tulijadiliana Jumamosi nzima. Mmoja wetu alisema kumwomba ni kumdhalilisha, kumfanya mtu wa kutazamwa kama maonyesho. Mwingine akajibu kwamba tayari tunamtazama kila Jumapili, ila kwa kuibia. Wa tatu akauliza lililo zito kuliko yote: tumemwombea mara nyingi, mbele ya madhabahu na nyumbani kwake, na hajanyooka. Je, tumweke kwenye picha ya aliyenyooka?

Mwishoni tulikwenda kumuuliza yeye mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Baba mchungaji, viatu vyako umevitia rangi leo."

Tulishangaa, naye akacheka. "Mimi siwaoni nyuso," alisema. "Nawajua kwa viatu. Usharika mzima naujua. Wewe fundi kisigino chako cha kulia kimelika."

Tulimweleza shida yetu. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali kwa sharti moja: kabla picha haijapelekwa kwa watoto, aione kwanza. Akaongeza, "Mmeniombea ninyooke, nami nashukuru. Siku hizi mimi naomba nipate usingizi. Msiache kuniombea hilo."

Alikuja Jumamosi tatu. Alisimama dakika tano, akapumzika kitini dakika kumi, na alipopumzika alitusimulia habari za watu wa zamani. Hatukuwahi kumtazama mtu kwa makini namna ile. Tulikuwa tukiuona mgongo wake kama kitu kimoja, pinda moja kubwa. Penseli ilitufundisha kwamba mgongo ule una kazi. Shingo inapigana ili macho yafike mbele hatua mbili. Mkono wa fimbo una msuli kama wa kijana. Vidole vya miguu vimetanuka kushika ardhi. Ule mwili tuliouita dhaifu ulikuwa ukifanya kazi kubwa kuliko miili yetu sote, na ulikuwa ukiifanya hata wakati wa kusimama tu kuimba.

Tulipomwonyesha rasimu ya picha ya pili, aliishika karibu na uso, akakaa nayo muda. Tulimchora Yesu kama picha nyingi zinavyomchora: amesimama wima, mkono umenyooshwa juu ya kichwa cha yule mwanamke.

"Na huyu mama," aliuliza, "atamwonaje?"

Hatukuelewa.

"Anaona miguu yake tu. Kama anavyonibariki baba mchungaji. Nikipewa mkono wa baraka mimi naona kanzu na viatu. Mwambieni ashuke."

Tulirudi kwenye Injili. Luka anasema Yesu alimwona, akamwita, akasema naye, akamwekea mikono. Haelezi alisimama namna gani. Lakini anayechora hawezi kuliacha jambo hilo wazi. Mwandishi anaweza kuandika kwamba aliweka mikono bila kutaja magoti. Mchoraji lazima ayaweke magoti mahali fulani, na popote atakapoyaweka atakuwa amehubiri. Wachoraji wa Kikristo wameujua uzito huu siku zote. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alipochora kuta za kanisa la Waanglikana kule Murang'a, Kenya, alimweka Kristo kati ya watu na vilima vya Kiafrika, na kwa kufanya hivyo alitoa jibu kwa swali la Kristo alikuja kwa nani. Swali tuliloletewa na bibi lilikuwa la magoti tu, lakini lilikuwa zito vilevile. Mtume Paulo anawafundisha Wafilipi kwamba yeye aliyekuwa sawa na Mungu alijishusha. Tumelihubiri neno hilo kila Juma Kuu. Hatukuwa tumelifikiria kwenye goti.

Tukamwomba kijana wa kwaya apige goti moja chini na kuuinua uso kutoka chini kwenda juu. Ni mkao mgumu kuliko unavyoonekana. Uzito umegawanyika kati ya mguu wa mbele na ule wa nyuma, kanzu inajikunja mapajani, na shingo inachoka upesi. Baada ya dakika nane paja lake lilianza kutetemeka. Hapo tuliona kitu ambacho hakuna kitabu kilichotuambia: anayejishusha ili aonane uso kwa uso na aliyeinama naye analipa kwa mwili wake.

Picha ya tatu nayo ilipita mikononi mwake. Tulimchora mwanamke amenyooka, mikono juu, kama mchezaji aliyefunga goli. Bibi alitikisa kichwa. "Mtu aliyeinama miaka kumi na minane harukii hewani. Kwanza ataogopa kuanguka. Dunia imekuwa mbali ghafla." Akatuelekeza: miguu itanuke, mkono mmoja uwe kiunoni nyuma, kama anayehakikisha, mwingine uishike fimbo bado ingawa haihitaji. Na macho? "Macho yaende kwa watu. Anataka kujua wale wenye viatu ni nani."

Tuliuchora mkao huo, na uzito ulikaa. Kamba yetu ya jiwe iliangukia pale pale palipotakiwa, katikati ya miguu miwili iliyotanuka ya mtu anayejifunza kusimama.

Kisha akatuuliza lile ambalo tulikuwa tukiliogopa. "Watoto wataiona hii ya tatu. Halafu wataniona mimi benchini. Watauliza kwa nini huyu na si bibi. Mtawajibu nini?"

Tulizungumza naye mpaka jua likatua. Hatukutaka kuwaambia watoto kwamba bibi hana imani ya kutosha. Si kweli, na Luka hasemi popote kwamba yule mwanamke aliomba au aliamini kwanza. Hatukutaka pia kuwaambia kwamba habari ile ni ya mfano tu, kwamba mgongo maana yake ni roho. Yesu aliugusa mgongo. Mkuu wa sinagogi alikasirika kwa sababu mgongo wa kweli ulinyooka siku ya Sabato. Kanisa letu halifundishi kwamba mwili ni ganda la kutupwa. Katekisimo Ndogo, inapoeleza sehemu ya kwanza ya imani, inaanza kumshukuru Mungu kwa mwili na macho na masikio na viungo vyote, na kila Jumapili tunaungama ufufuo wa mwili. Si wa roho peke yake. Wa mwili huu, wenye pingili hizi.

Basi tulikubaliana kuwaeleza watoto ukweli, na tulimwomba bibi awepo siku ya somo. Akaja, akaketi mbele. Watoto walitazama picha moja baada ya nyingine. Kama alivyotabiri, binti mmoja wa miaka saba hivi akanyosha mkono: "Bibi yetu Yesu atamnyoosha lini?"

Chumba kilinyamaza. Mchungaji alifungua kinywa, lakini bibi alitangulia.

"Sijui siku," alisema. "Kunyooka nitanyooka, ameniahidi. Kwa sasa yuko kwenye picha ile ya katikati. Ameshuka, ananitazama. Njoo nawe ukae hapa chini nikuone, maana sauti yako naijua lakini uso wako sijauona."

Yule binti akaja, akachuchumaa mbele yake. Kisha wakaja wengine, mpaka chini ya kiti chake pakajaa. Somo halikuendelea kama lilivyopangwa, nasi hatukulilazimisha.

Wapendwa, wengi wenu mnapenda kuchora na mnatuuliza namna ya kuboresha mikao ya watu wenu. Ushauri wetu ni huu. Chora watu halisi, kwa haraka na mara nyingi. Tafuta mguu unaobeba uzito kabla hujatafuta uso. Chora kitendo kwanza, viungo baadaye. Tumia mkaa wa jikoni kama penseli hakuna. Na unapomaliza, mwonyeshe yule uliyemchora, umuulize kama ndivyo mwili wake unavyojua. Sisi wenye afya tunajua kidogo sana kuhusu kusimama.

Kwa wasiochora, tunawaomba jambo moja tu la Jumapili ijayo. Baada ya ibada, watu wanaposalimiana nje, tafuteni walio chini: walioketi, walioinama, walio kwenye viti vya magurudumu, na watoto wadogo. Shukeni mpaka macho yenu yafike usawa wa macho yao, kisha ndipo mtoe salamu. Magoti yatauma kidogo.

Picha zetu tatu bado ziko ukutani katika chumba cha watoto. Bibi anakuja ibadani bado, bado ameinama, na usingizi, anatuambia, umekuwa afadhali. Tunaendelea kumwombea. Nanyi tunawasihi mfanye hivyo pamoja nasi, kwa ajili yake na kwa ajili ya wote miongoni mwenu wanaoijua jumuiya ya watakatifu kwa viatu vyake.